Nyanya za msimu wa mvua Lubumbashi: njia tano za kuzuia mildiu, na ipi inapunguza dawa kweli

Mtu anayelima nyanya pembezoni mwa Lubumbashi huuza kwa shida wakati wa kiangazi na kwa raha wakati wa mvua. Mwezi wa Agosti kila bustani yenye kisima ina nyanya, na mama wa soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, anachagua anayotaka kwa bei anayotaka. Mwezi wa Januari wenye nyanya ni wachache, na ni mama yuleyule anayewafuata hadi shambani kabla jua halijapanda. Uchache huo unatokana na ugonjwa ambao hapa wengi wetu tunauita mildiu, kwa jina tulilolipata katika Kifaransa, na ambao wenzetu wa Tanzania wanauita bakajani chelewa. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya yule anayetaka kuilima nyanya hiyo ya Januari bila kubeba pompi ya dawa mgongoni kila Jumamosi. Ninayosema yametoka katika bustani yetu ya ari 2, yaani mita za mraba 200, iliyo upande wa mto Kafubu, na pia katika mambo ambayo wakulima wa mizabibu wa Ulaya wameyajaribu kabla yetu, kwa kuwa mizabibu yao imeandamwa na ndugu wa ugonjwa huu tangu mwaka 1878, ulipoingia Ufaransa kutoka Marekani.

Inafaa kuanza na ugonjwa wenyewe, kwa maana njia zote tano hupimwa kwa tabia zake. Kiumbe kinachouleta, Phytophthora infestans, tunakiita kuvu kwa mazoea tu. Kwa asili yake kiko karibu zaidi na mwani wa majini kuliko na kuvu halisi, na umaji huo unaonekana katika maisha yake yote. Mbegu zake husafirishwa na upepo na matone, lakini haziwezi kuingia ndani ya jani mpaka jani liwe limelowa kwa saa kadhaa mfululizo, na hupenda zaidi hali ya ubaridi wa nyuzi 15 hadi 22. Lubumbashi iko juu, kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Januari hapa una nyuzi 16 au 17, na mvua ya alasiri huliacha jani limelowa hadi asubuhi. Hatuwezi kumwandalia mgeni huyu kitanda kizuri kuliko hicho. Tangu aingie ndani ya jani hadi atoe mbegu mpya hupita siku nne hadi saba tu, na ndiyo sababu shamba lililokuwa la kijani Jumapili huweza kuwa jeusi Jumapili ya pili yake.

Ukitaka kuuhakikisha, nenda bustanini alfajiri kabla umande haujakauka, uchague jani lenye doa la rangi ya kijani kibichi inayogeuka kuwa kahawia, kama limemwagiwa maji ya moto, kisha uligeuze. Ukiona upande wa chini, kuzunguka ukingo wa doa, vumbi jeupe laini kama pamba iliyochambuliwa, huo ni mildiu. Ukiona badala yake doa kavu lenye duara ndani ya duara, lililoanzia majani ya chini na kupanda polepole, hiyo ni alternaria, ambayo Watanzania huiita bakajani tangulia, na ni ugonjwa mwingine kabisa. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu nimewaona watu wakimaliza pakiti nzima za dawa isiyohusika: metalaksili haigusi alternaria, na salfa haigusi mildiu. Dawa inayopulizwa juu ya ugonjwa usio wake ndiyo ya kwanza kupunguzwa, na kuipunguza hakugharimu chochote isipokuwa kuamka mapema.

Kupuliza kwa kalenda

Njia hii ndiyo inayofuatwa na wengi, na sitaidharau, kwa sababu ina akili yake. Mkulima huchagua siku moja katika juma, huchanganya mankozebu, dawa ya kukinga jani, au mankozebu iliyotiwa metalaksili, na kupuliza kuanzia wiki ya pili baada ya kupandikiza miche hadi karibu na mavuno ya mwisho. Haimtaki ajue ugonjwa wala apime mvua. Mankozebu yenyewe hushambulia vimelea mahali pengi kwa wakati mmoja, hivyo si rahisi vimelea hivyo kuizoea, na bei yake ni ya chini ukilinganisha na dawa nyingine.

Sasa tuhesabu. Nyanya hukaa bustanini siku 100 na zaidi tangu kupandikizwa, kwa hiyo kupuliza kila wiki ni mara 12 hadi 14 kwa msimu mmoja, bila kuhesabu zile mara ambazo mtu hurudia kwa hofu baada ya mvua kubwa. Mankozebu hukaa juu ya jani tu, haiingii ndani. Mvua ikifika milimita 25 hivi sehemu kubwa yake imekwisha oshwa na kuingia udongoni, na mvua moja ya Januari hapa kwetu inaweza kuleta milimita hizo kwa alasiri moja. Anayefuata kalenda hupuliza Jumamosi, mvua huosha Jumapili, na mimea hubaki uchi hadi Jumamosi nyingine huku mwenyewe akiamini kwamba imevaa.

Tatizo la pili ni la mlaji. Kila dawa ina siku zinazotakiwa kupita kati ya kupuliza na kuvuna, na kwa dawa nyingi hizo ni siku kadhaa, pengine wiki nzima. Nyanya ikishaanza kuiva huvunwa mara mbili au tatu kwa juma. Anayepuliza kila wiki na kuvuna kila baada ya siku tatu hawezi kuziheshimu siku hizo hata awe na nia njema kiasi gani. Kalenda yenyewe haimwachii nafasi. Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa mwaka 2020 kutoendelea kuiruhusu mankozebu kwa sababu ya madhara yake kwa homoni na kwa uzazi, na inajulikana pia kwamba mabaki yake yakipikwa motoni sehemu yake hugeuka kuwa kitu kingine kiitwacho etilini-thiourea, ambacho hudhuru tezi ya shingoni. Nyanya zetu karibu zote hupikwa. Kuziosha vizuri kunapunguza kilicho juu ya ganda, na kila mama aoshe, lakini ni bora kutoweka kitu hicho kuliko kukiosha.

Kuhusu metalaksili, ambayo huingia ndani ya mmea na kutembea humo, ina nguvu ya kweli, lakini hushambulia mahali pamoja tu katika mwili wa kimelea. Ilipoingia katika mashamba ya viazi ya Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1970 watu waliifurahia mno na kuitumia peke yake. Kufikia mwaka 1980, katika Ireland na Uholanzi, mildiu ilikuwa imekwisha izoea na mashamba yakaharibika chini ya dawa. Ndiyo maana siku hizi huchanganywa na mankozebu, na ndiyo maana haifai kutumiwa zaidi ya mara mbili katika msimu.

Niseme na la kwangu. Msimu wa kwanza nilinunua unga wa manjano uliokuwa umepimwa kutoka kwenye gunia kubwa na kufungwa katika mfuko mdogo wa plastiki usio na maandishi yoyote. Muuzaji alinieleza kwamba kifuniko kimoja cha chupa kinatosha pompi moja. Nilipuliza kila Jumamosi kwa utii mkubwa. Mwishoni mwa Januari mistari minne ya upande wa bondeni, ambako ukungu wa mto hukawia kuondoka, ilikwisha kwa siku tisa. Hadi leo sijui niliwapulizia watoto wangu nini. Dawa nyingi zinazotufikia hupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hata zikiwa na lebo, lebo hiyo mara nyingi iko katika Kiingereza, lugha ambayo mkulima wa hapa anayesoma Kifaransa na Kiswahili haifahamu. Ikiwa unachagua njia ya kalenda, sharti la kwanza ni pakiti iliyofungwa kiwandani na mtu wa kukusomea kipimo chake.

Shaba

Wengi wanaotaka kuachana na mankozebu hukimbilia shaba, mukuba wetu, kwa kuwa wamesikia kwamba hata wakulima wasiotumia kemikali huruhusiwa kuitumia. Historia yake ni ya kweli na ya kuvutia. Mwaka 1882, katika eneo la Médoc karibu na Bordeaux, mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona kwamba mizabibu iliyo kando ya barabara ilikuwa na majani mazima ilhali ile ya ndani imepukutika. Wenye shamba walikuwa wameimwagia ile ya kando ya barabara mchanganyiko wa chokaa na mrututu, yaani chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, ili wapita njia waone rangi ile mbaya na wasiibe zabibu. Aliufanyia majaribio, akautangaza mwaka 1885, na tangu hapo mchanganyiko wa Bordeaux umezunguka dunia nzima.

Uzuri wake ni kwamba kimelea hakijaweza kuuzoea kwa miaka yote hiyo. Ubaya wake ni kwamba shaba haiozi. Mankozebu huvunjika udongoni kwa siku au wiki chache; shaba uliyoipuliza leo mjukuu wako ataikuta. Uchunguzi mkubwa wa udongo wa Ulaya ulionyesha kwamba udongo kwa jumla una wastani wa miligramu 17 hivi za shaba kwa kilo, lakini ule wa mashamba ya mizabibu una miligramu 49 hivi, na minyoo ya ardhini, inayotulegezea udongo, ni miongoni mwa viumbe vinavyoteseka shaba inaporundikana. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka.

Nilipokihamisha kikomo hicho katika bustani yetu nilishtuka. Ari 2 zinastahili gramu 80 tu za shaba kwa mwaka. Oksikloridi ya shaba iuzwayo kwa wingi ina nusu ya uzito wake shaba halisi; ukitia gramu 3 kwa kila lita, pompi moja ya lita 15 inabeba gramu 45 za unga, na ndani yake gramu 22 na nusu za shaba. Pompi ya nne inavuka kikomo cha mwaka mzima. Yule anayedhani amebadilisha kalenda ya mankozebu kwa kalenda ya shaba, na kupuliza mara 12, amepita kikomo mara tatu na zaidi.

Hapa Lubumbashi kuna jambo jingine ambalo mkulima wa Bordeaux hana. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na pepo zinazovuma kutoka kusini-mashariki zilibeba moshi wake miaka mingi kuelekea kaskazini-magharibi. Udongo wa mtaa wa Gécamines na wa Penga Penga uligunduliwa kuwa na shaba ya maelfu ya miligramu kwa kilo, pamoja na kadimiamu, risasi na kobalti. Lazima niseme ukweli hata kama unadhoofisha hoja yangu: kilo 4 za shaba zikitawanywa katika sentimita 20 za juu za hekta moja huongeza kama miligramu moja na nusu tu kwa kilo ya udongo. Katika udongo wenye maelfu, nyongeza hiyo si kitu. Mwenye bustani katika eneo hilo asijisumbue kuchagua kati ya dawa hii na ile kabla hajapimisha udongo wake, maana tatizo lake liko chini ya miguu, na chokaa na samadi vitamsaidia kuifunga shaba hiyo isipande kwa wingi ndani ya mimea, ingawa havitaiondoa. Onyo langu kuhusu pompi linamhusu mwenye udongo ambao bado ni safi. Udongo safi katika mji huu ni mali, na mtu anaweza kuupoteza kidogo kidogo bila kusikia harufu wala kuona moshi.

Kwa hiyo mimi naiweka shaba kama akiba: mara mbili, kwa taabu sana tatu katika msimu, hasa wakati wa mavuno ambapo mankozebu haifai tena.

Kufuata mvua na macho

Njia ya tatu haibadilishi dawa. Inabadilisha siku ya kuipuliza. Wakulima wa mizabibu wana kanuni ya zamani waiitayo ya kumi tatu: ubwiri vinyoya wa mzabibu, yaani ule ndugu wa mildiu yetu, hautegemewi kuanza mpaka joto lifike nyuzi 10, chipukizi zifike sentimita 10, na mvua ya milimita 10 inyeshe ndani ya siku moja au mbili. Kabla ya hapo pompi hubaki ghalani. Kanuni hiyo hatuwezi kuihamisha kama ilivyo, kwa kuwa joto letu la Januari halishuki hadi huko, lakini fikra yake inahamishika: ugonjwa una masharti yake, na siku ambazo masharti hayajatimia dawa ni hasara tupu.

Sisi tunafanya hivi. Kopo lenye kuta zilizonyooka limefungwa juu ya kigingi mahali pasipo mti, na kila asubuhi tunapima maji yake kwa rula, kisha tunaandika katika daftari la shule. Mara mbili kwa juma mtu mmoja hupita mistarini alfajiri na kugeuza majani, akianzia upande wa bondeni. Wakati mvua ni haba na majani hukauka kabla ya saa tatu asubuhi, hatupulizi hata kama wiki tatu zimepita. Mvua zikikaribia kufuatana, tunapuliza dawa ya kinga kabla hazijaanza, kwa sababu mankozebu na shaba huzuia mbegu za ugonjwa kuingia lakini hazimtoi aliyekwisha ingia. Na milimita zikijumlika kufika 25 tunarudia. Ile ya metalaksili tunaiacha kwa ajili ya siku moja: siku doa la kwanza linapoonekana kwetu au kwa jirani wa karibu, mvua ikiwa bado inaendelea. Kwa daftari hilo tumetoka kupuliza mara 13 hadi mara 6 katika msimu uliofuata, na katika msimu mmoja uliochelewa mvua mara 4.

Kuna pia namna ya kupunguza ndani ya pompi yenyewe. Katika mizabibu ya Ufaransa wataalamu wamefundisha kwa miaka mingi kwamba kipimo kwa hekta kilingane na wingi wa majani yaliyopo, maana chipukizi la mwanzo wa msimu halihitaji kiasi kinachohitajiwa na mzabibu uliojaa. Kwetu maana yake ni hii: usiipunguze nguvu ya mchanganyiko, hasa wa dawa inayoingia ndani ya mmea, kwa sababu dawa dhaifu ndiyo shule ambayo kimelea hujifunzia; badala yake punguza lita. Miche 350 yenye urefu wa goti haihitaji pompi nzima. Puliza kutoka chini kwenda juu, tundu la pompi likiwa dogo na safi, ukiacha jani lilowe bila kutiririsha.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamtaka mtu awepo. Mwenye bustani anayefanya kazi mgodini na kuja shambani Jumapili tu hataiweza, na nisimdanganye: kwake kuacha kalenda bila kuwa na macho shambani ni kuacha mlango wazi.

Mbegu inayohimili

Nitapita haraka hapa, si kwa kuwa jambo ni dogo, bali kwa kuwa mkononi mwetu liko kidogo. Roma na Rio Grande, ambazo ndizo nyingi sokoni kwa sababu ganda lake linavumilia kikapu na barabara mbovu, hazina kinga dhidi ya mildiu. Kuna mahuluti, yaani aina zilizozalishwa kwa kuchanganya aina mbili, yenye jeni ziitwazo Ph-2 na Ph-3, ambayo yakiwa nazo zote mbili husimama vizuri sana. Ukiagiza mbegu, uliza jina la ugonjwa ambao aina hiyo inauhimili na usiridhike na neno "ngumu" peke yake, kwa kuwa mara nyingi linamaanisha mnyauko na si mildiu. Mbegu za mahuluti hazifai kutunzwa kwa msimu ujao, hivyo gharama hurudi kila mwaka. Nyanya ndogo za kitonge nyingi huvumilia zaidi, lakini mnunuzi wa hapa bado hajazizoea.

Mizabibu inatuonyesha pia mpaka wa njia hii. Ufaransa iliandikisha mwaka 2018 aina nne zinazohimili, Artaban, Floreal, Vidoc na Voltis, na wanaozipanda wamepunguza dawa kwa sehemu kubwa sana. Hata hivyo wanashauriwa kupuliza mara moja hadi tatu kwa msimu ili kimelea kisipate nafasi ya kuivunja kinga hiyo. Aina moja ya zamani zaidi iliyopandwa bila ulinzi wowote imekwisha kuonekana ikizidiwa.

Paa la plastiki

Njia ya tano ndiyo iliyonibadilisha. Kama jani lisilolowa haliingiwi na mildiu, basi badala ya kuliosha kwa dawa kila linapolowa, lizuiwe lisilowe. Paa letu si chumba cha vioo wala handaki la kununua. Ni nguzo za mikaratusi zilizozamishwa nusu mita, upande mmoja zikiwa na kimo cha mita 2 na nusu na upande wa pili mita 2, mianzi imelazwa juu, na karatasi nene ya plastiki angavu imetandazwa na kufungwa kwa kamba zinazopita juu yake kila baada ya mita moja. Pande zote ziko wazi. Linafunika matuta mawili yenye urefu wa mita 10, na plastiki imetokeza nusu mita kila upande, kwa sababu mvua ya hapa haishuki wima. Msimu wa kwanza tuliitokeza kidogo tu, na mimea ya ukingoni iliugua yote huku ya katikati ikiwa mizima. Mfereji umechimbwa chini ya mteremko ili maji ya paa yasirudi kwenye matuta.

Siku ya kwanza ya kumwagilia chini ya paa, jirani mmoja aliyekuwa anapita alisimama, akanitazama nikiwa na kopo la maji, kisha akatazama mawingu.

"Mama, unamwagilia maji siku ya mvua?"

"Papa, namwagilia miguu yake. Kichwa sitaki kilowe."

Ndiyo kazi ya nyongeza ambayo paa inaleta: kumwagilia kwa mkono, chini ya shina tu, kila siku au baada ya siku moja, bila kubahatisha, maana maji yakija leo kwa wingi na kesho kukosekana nyanya huoza kitako. Matandazo ya majani makavu husaidia kushika unyevu huo na kuzuia matone ya udongo kurukia majani ya chini. Shina moja huachwa kupanda kamba, vichipukizi vya pembeni hukatwa kila wiki, na majani ya chini hadi kishada cha kwanza huondolewa ili upepo upite. Wakulima wa mizabibu nao hupunguza majani karibu na vishada kwa sababu hiyohiyo, na kazi hii inafaa hata pasipo na paa.

Matokeo nayasema kama nilivyoyaona. Misimu miwili mfululizo matuta yaliyo chini ya paa tuliyapuliza mara moja tu kila msimu, tena kwa shaba, baada ya ukungu wa siku tatu ambao uliyalowesha majani bila mvua. Matuta ya nje, bustani ileile na mbegu ileile, yalipulizwa mara 6. Lakini paa lina wageni wake. Ukavu unaoizuia mildiu unaupendeza ubwiri unga, ule unaoonekana kama unga wa mihogo juu ya jani, na unawapendeza utitiri na nzi weupe ambao mvua ilikuwa ikiwaangusha. Kwa ubwiri unga salfa inafaa, ikipulizwa asubuhi kabla ya joto. Kwa utitiri, kugeuza majani mapema na kuondoa yaliyoanza kugeuka rangi ya shaba.

Gharama ni ya mwanzo. Plastiki ya kawaida ya dukani hukatika kwa jua baada ya msimu mmoja. Ile iliyotengenezwa kuvumilia jua ni ghali zaidi lakini hufika misimu miwili au mitatu, na dhoruba za Oktoba na Novemba ndizo adui yake, kwa hiyo ni afadhali kuitandaza baada ya dhoruba hizo za kwanza. Anayelima nusu hekta hawezi kuifunika yote, wala haina haja.

Kwa nani ipi

Aliye na ari moja hadi tatu na mtu wa kukaa nyumbani ajenge paa juu ya sehemu anayoweza kuigharamia, hata tuta moja, na sehemu iliyobaki ailinde kwa kopo la mvua na daftari. Mwenye nusu hekta au zaidi atumie kopo na macho, apande mistari kwa kufuata upepo na si kwa kuukinga, aiache sehemu ya bondeni kwa lengalenga au matembele, na ashirikiane na majirani kuarifiana siku doa la kwanza linapoonekana, kwa maana mbegu za ugonjwa haziulizi mpaka wa shamba. Viazi vilivyojiotea karibu ving'olewe, maana ugonjwa ni uleule. Asiyeweza kuja shambani zaidi ya mara moja kwa juma namshauri kwa moyo mmoja asilime nyanya kuanzia Desemba hadi Machi. Alime mboga za majani, na nyanya zake azipandikize mwishoni mwa Machi ili ziive mvua ikiwa imekatika. Bei itakuwa ya chini, lakini dawa zitakuwa chache kuliko zote nilizozihesabu hapa.

Na kwa anayebaki na kalenda kwa sababu yoyote ile, aanze na badiliko moja msimu huu: kishada cha kwanza kinapoanza kuwa chekundu, mankozebu isimame. Kuanzia siku hiyo ang'oe mmea ulioanza kuugua, autie ndani ya mfuko pale pale mstarini kabla ya kuubeba, na kuufukia mbali na bustani. Kuuburuta ukiwa wazi kati ya mimea mizima ni kuipulizia ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe.